Usimwambie "ukibanwa niite": kupima mkojo kwa ultrasaundi kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo

Sisi tunaokaa vyumba vya ultrasaundi tuna sentensi moja inayotoka yenyewe mdomoni: "Kanywe maji, mkojo ukikubana niite." Siku moja, katika hospitali moja huku kusini, nilimwambia hivyo kijana aliyeletwa na mjomba wake kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mkwezi wa minazi. Miezi mitano nyuma alianguka akavunjika mgongo, sehemu ya juu ya kifua. Akanywa maji kama nilivyomwagiza, akangoja tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika saa saba mjomba ndiye aliyebisha hodi: "Daktari, mtoto anatoka jasho usoni, na kichwa anasema kinamgonga."

Nilipoweka probu, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, kibofu kilikuwa kimepanda hadi kitovuni, zaidi ya lita moja ya mkojo. Presha yake ya juu ilisoma 170, na kwa kawaida yake ni 100. Kijana hakuniita kwa sababu hakubanwa, na hakubanwa kwa sababu habari za kibofu husafiri kwenye uti wa mgongo, na njia hiyo kwake imekatika. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyowapima watu hawa, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Ninawaandikia wenzangu wanaoshika probu katika hospitali za Lindi na Mtwara, manesi na matabibu wanaowaandikia wagonjwa kipimo hiki, na pia ndugu wanaowasukuma wagonjwa hao hadi mlangoni kwetu. Kwetu huku mtu huvunjika mgongo kwa kuanguka mnazini, mwembeni au juu ya mkorosho, na siku hizi kwa bodaboda. Wengi ni vijana. Wana miaka mingi mbele, na figo ndizo zitakazoamua miaka hiyo iweje.

Kwanza, kinachoharibika ni nini

Kibofu kina kazi mbili: kutunza mkojo bila kuugandamiza, na kuutoa wote pale mwenyewe anapotaka. Kituo kinachoendesha kazi hizo kiko mwishoni mwa uti wa mgongo, sehemu zinazoandikwa S2 hadi S4, nao mwisho huo umelala ndani ya pingili za mwanzo za kiuno.

Jeraha likiwa juu ya kituo hicho, wiki za mwanzo kibofu hulegea kabisa. Baadaye, baada ya wiki kadhaa au hata miezi, nguvu zinarudi lakini hazitii amri. Kibofu kinajikaza chenyewe, na mlango wake nao unakaza wakati uleule. Mkojo unasukumwa huku umefungiwa. Ukuta wa kibofu unakuwa mnene kama msuli wa mbeba mizigo, na msukumo unapanda kwenye mirija hadi figoni.

Jeraha likiwa kwenye kituo chenyewe au kwenye mishipa ya fahamu iliyo chini yake, kibofu hubaki kimelegea. Kinajaa, kinafurika, na matone yanatoka. Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika: "Mbona anakojoa? Kila siku tunafua." Nguo zinalowa kweli, lakini kibofu hakijamwaga mkojo wake tangu jana.

Mimi na wewe figo ikijaa maji tunagaagaa kwa maumivu ya ubavu. Yeye maumivu hayo huenda asiyapate kabisa. Figo inaweza kufa huku mwenyewe akila, akicheka na kupiga soga barazani. Kwa mtu huyu ultrasaundi imechukua nafasi ya maumivu, kwa hiyo haingojwi hadi aumwe.

Ujuzi huu uligharimu watu wengi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliovunjika mgongo wengi walikufa kwa maambukizi ya mkojo na kwa figo kushindwa kazi. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann alianza kuwahudumia katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na kibofu akakifanya jambo la kila siku wodini. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba mgonjwa anaweza kujiingizia mwenyewe mpira wa kutolea mkojo (katheta) kwenye kibofu na kuutoa, mara kadhaa kwa siku, kwa usafi wa kawaida wa maji na sabuni. Mtu wa Newala au Nachingwea anayejitoa mkojo kwake leo anaishi kwa ujuzi huo.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kuwasha mashine

Msalimie mjomba au mama aliyemleta, kisha zungumza na mgonjwa mwenyewe. Miguu ndiyo iliyokufa ganzi, akili yake ni nzima, na aibu ya kuzungumziwa mkojo wake mbele yake kana kwamba hayupo inamfanya asirudi tena.

Muulize aliumia lini na pingili ipi. Muulize anautoaje mkojo: mpira wa kudumu, mpira wa kuingiza na kutoa, kugonga tumbo, kuminya tumbo, au anajilowesha kwenye pampasi. Mara ya mwisho alitoa saa ngapi, na kiasi gani? Ana homa, damu kwenye mkojo, harufu kali kuliko ilivyokuwa? Miguu imeanza kurukaruka kuliko zamani? Choo alipata lini? Jibu la choo linakuhusu hata wewe wa ultrasaundi, maana utumbo uliojaa unaficha figo ya kushoto na unasukuma kibofu pembeni.

Kama jeraha liko pingili ya sita ya kifua, yaani T6, au juu yake, weka alama kubwa kwenye karatasi yake. Huyo ndiye anayeweza kupandwa na presha ghafla kibofu kikijaa, kama kijana wangu.

Hatua ya pili: maandalizi

Usimjaze maji. Mwambie aje kwa ratiba yake ya kawaida: anayejitoa kila baada ya saa nne, apangiwe kupimwa saa ya tatu au ya nne tangu alipojitoa. Tunataka kuona kibofu kinavyoishi kila siku. Na asikae foleni na akina mama wajawazito hadi mchana. Mpe saa, mwingize saa hiyo.

Pima presha na uiandike. Watu wenye jeraha la juu huwa na presha ya chini, 90 au 100 kwa kawaida yao, kwa hiyo 130 unayoiona nzuri kwa mtu mwingine, kwake inaweza kuwa hatari. Ikipanda 20 au zaidi juu ya kawaida yake, na kichwa kinauma, uso umeiva na jasho linamtoka, acha kipimo. Mkalishe wima, miguu ining'inie, legeza mkanda na nguo, utoe mkojo: fungua mpira uliobanwa, nyoosha uliojikunja, au mwingizie mpira wenye jeli ya ganzi. Pima presha kila dakika chache na umwite daktari. Isiposhuka baada ya mkojo kutoka, sababu inaweza kuwa choo kilichokwama, kidonda, au hata nguo iliyombana, na daktari ataamua kuhusu dawa.

Kitanda chetu kigumu ni adui yake. Tandika godoro jembamba au kanga zilizokunjwa chini ya kiuno, usimwache amelala hapo ukienda kunywa chai, na anapoondoka angalia kama ngozi ya matako imekuwa nyekundu. Kidonda cha kulalia huanza ndani ya saa chache. Mgongo ambao haujapona ugeuzwe na watu wawili au watatu kwa pamoja, kama gogo. Jeli ipashe kidogo mikononi, maana baridi ya ghafla inaweza kumrusha miguu na kukikaza kibofu kabla hujapima. Mfunike kwa shuka au kanga, ufunue pale tu unapopapima, na mwanamke aulizwe kama anataka ndugu yake wa kike abaki naye.

Hatua ya tatu: figo, kibofu kikiwa bado kina mkojo

Tumia probu ya tumbo, ile ya mviringo. Figo ya kulia itazame kupitia ini, ya kushoto kupitia wengu, nayo mara nyingi utaipata nyuma zaidi na juu zaidi ya unavyodhani. Aliyeumia shingo hawezi kuvuta pumzi ndefu ukimwambia, kwa hiyo pitisha probu katikati ya mbavu badala ya kungoja figo ishuke.

Pima urefu wa kila figo. Mtu mzima kwa kawaida ana sentimita 9 hadi 12, na tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto inahitaji maelezo. Tazama unene wa nyama ya figo. Kisha tafuta maji katikati. Weusi unaoungana, vikombe vya ndani ya figo vinavyopokea mkojo vikifunguka kuelekea bonde moja la kati, ndiyo figo iliyojaa maji. Piramidi, yaani vipande vya nyama ya ndani ya figo, kwa kijana mwembamba nazo ni nyeusi, ila kila moja imekaa peke yake, haiungani na mwenzake. Ukiona mashaka, washa Dopla ya rangi: mshipa wa damu utawaka, maji hayatawaka. Jiwe litang'aa na kuacha kivuli nyuma yake.

Usiandike bado kwamba figo imejaa maji. Kibofu kikijaa sana, hata figo isiyo na ugonjwa inaweza kutanuka kidogo. Jibu lako litakamilika mkojo ukishatoka.

Hatua ya nne: kibofu kabla ya kutoa

Weka probu juu tu ya mfupa wa kinena, iinamishe kuelekea miguuni. Kwa picha ya mlalo, pima upana na kina. Igeuze iwe wima, pima urefu. Zidisha namba hizo tatu kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Hizo ni mililita.

Mfano: upana 9, kina 7.5, urefu 10. Zikizidishwa ni 675, mara 0.52 ni mililita 351. Mashine nyingi zitakufanyia hesabu, ila ujue inatoka wapi, maana siku mashine ikikwambia 90 na kibofu kimejaza kioo chote, utajua umeweka alama pabaya. Kibofu cha mtu aliyeumia mgongo aghalabu si yai zuri. Kinaweza kuwa na umbo la msonobari, kirefu na chenye mabonde, na hapo hesabu inapotoka. Jagi litakusahihisha, tutafika huko.

Sasa tazama ukuta. Kibofu kikiwa kimejaa, ukuta wa kawaida hauzidi milimita 3. Pima sehemu ya mbele au pembeni, wala si kwenye mkunjo, na uandike kibofu kilikuwa na mkojo kiasi gani ulipopima, kwa sababu kikiwa kitupu ukuta wowote unaonekana mnene. Ukuta mnene wenye mikunjo kama mizizi, pamoja na vifuko vinavyotokeza nje, ni ushahidi wa kibofu kinachopigana na mlango uliofungwa.

Pita nyuma ya kibofu, kulia na kushoto. Mrija usio na ugonjwa kwa kawaida hauonekani hapo. Ukiuona umetanuka kama bomba jeusi, ufuate juu. Halafu tafuta mawe na masimbi, yaani mashapo ya mkojo, chini ndani ya kibofu. Mgeuze mgonjwa kidogo: jiwe litabingirika, masimbi yatatifuka kama tope la kisima, na uvimbe ulioota ukutani hautasogea. Watu wa mpira wa kudumu hupata mawe mara nyingi, na jiwe likibaki, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zitarudi kila mwezi hata umpe dawa gani.

Hatua ya tano: atoe kama anavyotoa nyumbani, upime tena

Neno muhimu hapo ni nyumbani. Kama hugonga tumbo, agonge. Kama hujiingizia mpira, ajiingizie mwenyewe, nawe utazame mikono yake na usafi wake, ambao unaweza kukufundisha mengi kuliko kioo. Mkojo wote uingie kwenye jagi lenye alama, usomwe, uandikwe.

Rudisha probu mara moja, ndani ya dakika 10 hivi. Figo hazipumziki, aliyekunywa maji mengi asubuhi anaweza kuongeza mkojo mwingi ndani ya nusu saa, ukauita mkojo uliobaki kumbe ni mpya.

Tuendelee na mfano wetu. Jagi limesoma 180. Kibofu sasa ni upana 7, kina 6, urefu 8, sawa na 336, mara 0.52 ni karibu mililita 175. Jumlisha 180 na 175, unapata 355, na tulianza na 351. Hesabu zimekubaliana. Zingepishana sana ningepima upya kabla ya kumruhusu ashuke kitandani. Na maana yake kwa mgonjwa ni hii: anatoa nusu tu, nusu inabaki humo ikichacha.

Pima mara mbili, tena ikiwezekana siku mbili tofauti. Namba moja ya siku ambayo miguu ilirukaruka njia nzima kutoka Tandahimba haitoshi kumbadilishia mtu maisha.

Kuhusu kuminya tumbo nataka kusema wazi. Nimewaona mama na wake wanaominya kwa upendo wote, mikono miwili juu ya kinena, hadi mkojo utoke. Wanafanya walivyofundishwa. Lakini mlango wa kibofu ukiwa umekaza, nguvu ya mikono hiyo inapanda figoni. Ukiona ukuta mnene au figo ina maji, waambie waache, na siku hiyohiyo wafundishwe kutumia mpira. Usiwakataze kisha ukawaacha bila njia nyingine.

Hatua ya sita: rudi kwenye figo

Kama mwanzo uliona maji, tazama tena dakika 15 hadi 30 baada ya mkojo kutoka. Yakiisha, kibofu kilikuwa kinajaa kupita kiasi na ratiba inatakiwa kubanwa. Yakibaki, kuna jambo zaidi: mkojo unarudi juu, mrija umeziba, au kibofu kimekuwa kigumu kiasi cha kuzuia mirija isishushe. Huyo anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo.

Figo yenye maji pamoja na homa na kutetemeka ni dharura ya siku hiyo. Wekeni mpira utoe mkojo, anzeni matibabu, mpelekeni hospitali kubwa. Asingoje kliniki ya wiki ijayo.

Mwenye mpira wa kudumu

Kibofu chake kitakuwa kitupu, na utaona duara la puto la mpira katikati. Huyo huwezi kumpimia mkojo unaobaki, ila figo zake zinapimwa kama za wengine, na mawe yanatafutwa kwa bidii zaidi. Puto likionekana limezungukwa na ukoko unaong'aa, waambie wodi kabla hawajauvuta mpira huo kwa nguvu. Na ukikuta puto lakini kibofu kimejaa, mpira umeziba.

Baadhi yetu hufunga mpira ili kibofu kijae tukione vizuri. Kwa jeraha la chini ya T6 inawezekana, kwa muda mfupi, ukiwa naye. Kwa T6 kwenda juu sifungi bila mashine ya presha mkononi na mtu wa kumtazama usoni. Kwa figo zilizokwisha kujaa maji sifungi kabisa.

Kichocho, ambacho vitabu vya mbali havikitaji

Miongozo mingi ya kibofu cha waliovunjika mgongo imeandikwa kwa nchi zisizo na kichocho. Sisi tuko Lindi na Mtwara. Vijana wetu wameogelea mabwawani na kulima mpunga, na mayai ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye ukuta wa kibofu na mwisho wa mirija. Yanaunenepesha ukuta, yanaotesha vinundu, yanatanua mirija na kujaza figo maji. Ni picha ileile unayoitafuta kwa aliyevunjika mgongo.

Kwa hiyo ukiona ukuta mnene kwa mtu aliyeumia miezi miwili tu iliyopita, jiulize. Kibofu huhitaji muda kunenepa kwa kupigana na mlango. Kichocho hupenda kuweka vinundu sehemu moja moja, na cha muda mrefu huweka mstari wa chokaa unaong'aa ukutani. Muulize kama utotoni alikojoa damu. Mkojo upimwe mayai, na akiwa nayo apewe prazikwanteli kwa uzito wake. Anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo figo zake zinahitaji ulinzi mara mbili. Uvimbe usiosogea, wenye damu ndani kwa Dopla, hasa kwa mwenye mpira wa miaka mingi au kichocho cha zamani, usiuite masimbi. Mpeleke achunguzwe saratani.

Usichoweza kukiona

Ultrasaundi inapima ujazo na umbo. Msukumo haiuoni. Kibofu kinaweza kubakiza mililita 40 tu, picha ikapendeza, kumbe kinautoa mkojo kwa msukumo unaoharibu figo taratibu. Kipimo cha msukumo ni yurodainamiki, ambacho hukipati kwenye hospitali ya wilaya. Msukumo ukizidi sentimita 40 za maji kabla ya mkojo kuvuja, figo ziko hatarini. Kipimo hicho kikipatikana, aende. Kisipopatikana, picha za figo zilizopangwa kwa tarehe, ukuta unaolinganishwa na wa mwaka jana, na daftari la mkojo ndivyo vitakavyokuonya, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Kipimo cha kreatinini, taka inayochujwa na figo, kwenye damu nacho kisikulaze usingizi. Hutoka kwenye misuli, na mtu ambaye miguu imekonda hutoa kidogo. Anaweza kusoma "kawaida" huku figo zimekwisha kupungukiwa.

Andika namba

"Kibofu kimejaa, figo za kawaida" ni majibu niliyoyaandika kwa miaka, na mwenzangu wa hospitali nyingine hakuweza kuyafanyia kitu. Sasa ninaandika hivi:

*Jeraha T10, miezi 8. Hutoa mkojo kwa kugonga tumbo. Mara ya mwisho saa 1:00 asubuhi. Figo ya kulia sm 10.2, kushoto sm 10.5, hakuna maji, hakuna mawe. Kibofu saa 4:10: 9 × 7.5 × 10, ml 351. Ukuta mm 6 kikiwa na ujazo huo, una mikunjo. Jagi ml 180. Kibofu saa 4:25: 7 × 6 × 8, ml 175. Mirija haionekani. Ushauri: aonwe na daktari, afundishwe mpira wa kuingiza na kutoa, apimwe yurodainamiki ikipatikana, mkojo upimwe kichocho, ultrasaundi tena baada ya miezi 3.*

Nakala moja ibaki kwa mgonjwa. Mafaili yetu hupotea, na safari zinakatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa. Mwenye karatasi yake anahudumiwa popote alipokwama.

Namba zinakwambia ufanye nini

Hakuna namba moja ya mkojo unaobaki wanayokubaliana wote duniani. Mimi ninakwenda hivi. Chini ya mililita 100, mara mbili, ukuta mwembamba, figo kavu, hana UTI za mara kwa mara: aendelee na njia yake. Zaidi ya 100, na kuna ukuta mnene, figo zenye maji au UTI za mara kwa mara, ninaandika afundishwe mpira wa kuingiza na kutoa. Ukuta mnene au figo zenye maji, hata mkojo unaobaki ukiwa kidogo, aonwe na daktari.

Anayetumia mpira wa kuingiza na kutoa, lengo ni mara nne hadi sita kwa siku, na kila mara usizidi mililita 400 hadi 500. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuwa kipimo chake nyumbani: mkojo ukiijaza hadi mdomoni, amechelewa. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari, saa na kiasi, siku tatu mfululizo kabla ya kuja kwetu. Maji anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo. Wengi hujinyima ili wasiloe, hasa wakisafiri, na kwenye joto la Novemba mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi na mawe yanapata nafasi. Kwenye nyanda za Newala, ambako maji yana shida yake, ninawaomba familia waweke kidumu kimoja cha mikono na mpira tu, kisiguswe kwa kazi nyingine.

Arudi lini

Mara ya kwanza apimwe mapema, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Apimwe tena karibu miezi mitatu, kwa kuwa ndio wakati kibofu kilicholegea huanza kukaza. Baada ya hapo, mwenye hatari, yaani ukuta mnene, figo zenye maji, mawe au UTI za kujirudia, apimwe figo kila miezi sita. Aliyetulia, mara moja kwa mwaka, maisha yake yote. Akibadili njia ya kutoa mkojo, apimwe kabla na miezi michache baadaye. Kwa wakulima wa korosho ninaepuka kupanga tarehe katikati ya msimu, kwa sababu hakuna wa kumleta.

Mahali pasipo na mashine

Zahanati isiyo na ultrasaundi bado inaweza kupima mkojo unaobaki. Mgonjwa atoe kwa njia yake kwenye jagi, soma. Papo hapo mwingizie mpira safi, mkojo utakaotoka upimwe peke yake. Huo ndio uliobaki, na ni sahihi kuliko hesabu yangu ya 0.52. Fanya mara mbili, andika kwenye daftari lake pamoja na saa na presha. Figo ndizo hutaziona, kwa hiyo barua ya rufaa iombe figo kwa jina, na iseme pingili iliyoumia na saa aliyotoa mkojo mara ya mwisho. Ukiniandikia hayo matatu, nitamwingiza akifika.